Baridi Mbili, Koti Moja

(Haya niliyasema Wete, mbele ya vijana wanaojitayarisha kwenda masomoni Ulaya pamoja na wazee wao. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka, hata pale mliponicheka. Picha nilizoonesha ukutani nimeziacha.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kaeni, kaeni. Na wale walio mlangoni waingie, viti viko huku mbele. Sijui kwa nini Mpemba akiitwa mkutanoni hupenda kukaa mahali atakapoweza kukimbia.

Wazee wangu, walimu wetu, wanangu mnaosafiri. Nimeambiwa nizungumze juu ya maisha ya masomoni Ulaya. Mimi sikusoma Ulaya. Aliyesoma ni yule bwana wa safu ya pili, mwenye kofia ya viua, anayejifanya anasoma karatasi. Yeye ndiye aliyepelekwa kusomea misitu. Mimi nilifuatana naye kwa kuwa ni mume wangu na kwa kuwa hajui kujipikia. Shahada ilipatikanaje, mtamuuliza yeye. Siku zilipitaje, niulizeni mimi.

Mji wenyewe unaitwa Joensuu. Uko mashariki ya Finland, si mbali na mpaka wa Urusi, pale mto unapoingia ziwani. Na jina lake kwa lugha yao ndiyo maana hiyo hiyo, mdomo wa mto. Sisi hapa tuko digrii 5 kusini ya ikweta. Joensuu iko zaidi ya digrii 62 kaskazini yake. Hizo digrii ziwekeni kichwani, maana kila kitu nitakachosema kinatoka humo.

Tulikwenda Septemba 1998, tukarudi katikati ya mwaka 2000. Baridi mbili. Ya kwanza tulikuwa wajinga, na ya pili tulikuwa wajuzi. Nitakuambieni ipi iliyotaka kuniacha mjane.

Na hili koti mnaloliona limetundikwa kwenye kiti, nalo nitalifikia.

Nianze na nguo, maana ndiko tulikoanza kuaibika. Ilipojulikana kwamba tunasafiri, kila mtu hapa Wete akawa bingwa wa baridi. Huyu anasema mpake mafuta ya nazi mwili mzima, yule anasema mle pilipili. Kuna jamaa mmoja, hajawahi kuvuka hata Tanga, akamwambia mwenzangu kwamba Ulaya mate yanaganda kabla hayajafika chini. Tukapanda meli tukaenda Unguja, tukaingia Darajani, na bwana akaninunulia koti. Jeusi, refu, vifungo vya dhahabu viwili viwili mpaka chini. Nikajitazama kiooni, nikaona nimebakisha taji tu.

Wanangu, lile lilikuwa koti la mvua. Kitambaa chepesi kama shuka. Tuliuliza? Hatukuuliza.

Tulipofika, Septemba ile, hewa ilikuwa kama kipupwe chetu kikizidi kidogo. Tukatazamana. Ndiyo hii waliyotutishia? Mwenzangu akawa anakwenda chuoni na makubazi, soksi ndani. Msicheke, na yeye alikuwa kijana.

Theluji ya kwanza ilianguka usiku. Niliamka nikadhani kuna mtu amewasha taa nje, kumbe weupe ule wa chini ndio ulioung'arisha usiku. Na kimya! Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba theluji inanyamazisha mji. Mvua yetu unaisikia kwenye bati, unasikia inakuja kutoka mashambani. Theluji inakuja kama mtu anayekuibia. Tukatoka nje tukaichezea mpaka vidole vikafa ganzi, tukarudi ndani tukavitia kwenye maji ya moto, na hapo tukapiga mayowe jengo zima likatusikia. Vidole vilivyopigwa na baridi havitiwi kwenye maji ya moto. Vinapashwa taratibu, kwapani, kwa joto la mwili. Tuliuliza? Hatukuuliza.

Lakini theluji si adui. Adui ni barafu. Mchana theluji inayeyuka kidogo, usiku ile maji inaganda, asubuhi njia yote ni kioo. Mimi nilitoka dukani na trei ya mayai. Mayai 30. Nilikuwa nimefika kituo cha basi, watu kumi wananitazama, miguu ikaenda zake mbele na mimi nikabaki nyuma. Sikuumia. Ila ute wa yai ukiganda juu ya koti jeusi la vifungo vya dhahabu, hautoki. Na nikiwa pale chini, akanipita bibi kizee, si chini ya miaka 80, amesimama juu ya kile kiti chao chenye vyuma viwili virefu chini, anasukuma kwa mguu mmoja, anateleza kama ngalawa. Hata hakugeuka.

Jirani yangu wa chini ndiye aliyenifundisha kutembea. Ndiyo, kutembea, mama mtu mzima nafundishwa kutembea. Hatua fupi, magoti yalegee kidogo, uzito uwe juu ya mguu wa mbele, mikono itoke mifukoni. Unatembea kama bata. Na utazame chini, kwa sababu watu wa mji wanamwaga kokoto ndogo ndogo njiani, basi wewe fuata kokoto. Yeye huyo ndiye aliyelitazama koti langu, akalishika kitambaa kwa vidole viwili, hivi, kama mtu anayemshika samaki aliyelala, halafu akanishika mkono bila ya kusema kitu akanipeleka dukani.

Na duka gani? Mitumba! Wallahi, mitumba. Nimetoka Pemba, nimevuka bahari na nchi sijui ngapi, nimefika Ulaya nikanunue mitumba. Lakini ile ya huko kwenye chimbuko lake, kabla haijachaguliwa na kuchaguliwa mpaka ikatufikia sisi. Hili koti ndilo nililolipata siku ile. Ndani lina manyoya ya bata, nje halipitishi upepo, na kofia yake inashuka mpaka kwenye nyusi.

Basi sikilizeni, nyinyi mnaokwenda, hapa ndipo pa kuandika. Koti zuri peke yake halitoshi. Joto halitoki kwenye nguo, linatoka mwilini mwako. Kazi ya nguo ni kulizuia lisiondoke. Hewa inayonaswa baina ya nguo na nguo ndiyo inayokulinda, kwa hiyo nguo tatu nyepesi zinaishinda moja nzito. Ya kugusa mwili isiwe pamba, maana pamba inanywa jasho na jasho likipoa unatetemeka. Iwe sufu. Buti ziwe kubwa kidogo, vidole vicheze. Buti inayobana inazuia damu, na kidole kisichofika damu ndicho cha kwanza kuliwa. Yaliyobaki mtayaona wenyewe.

Sasa giza.

Ramadhani ya mwaka ule iliandama kiasi cha tarehe 20 Disemba. Na siku fupi kuliko zote katika mwaka huko kaskazini ni lini? Tarehe 21, 22 Disemba. Yaani mfungo wetu wa kwanza ugenini uliangukia katikati ya shimo la giza.

Hebu nikupeni hesabu, walimu wa jografia watanisahihisha. Alfajiri ilikuwa kama saa 12 na dakika 20 asubuhi. Jua linachomoza saa 3 na nusu. Adhuhuri saa 6. Alasiri, saa 6 na nusu imepita kidogo. Yaani ukiswali Adhuhuri ukakaa ukavuta uradi vizuri, usisimame, Alasiri hii hapa. Na Magharibi saa 8 na dakika 25. Saa 8 mchana! Nilikuwa nikisimama nje saa 6, siku ambayo jua limejitokeza, kivuli changu kinanishinda urefu mara 14. Hapa kwetu mara mbili kwa mwaka mtu anasimama adhuhuri akakikosa kivuli chake kabisa. Kule kivuli changu kilikuwa kinafika nyumbani kabla yangu.

Nasikia mnaguna. Funga ya masaa 8, mnasema, raha iliyoje! Na mimi nilisema hivyo siku ya kwanza. Mwenzangu alimwandikia barua sheikh mmoja hapa nyumbani, kumuuliza kama inafaa. Akajibu: madhali jua linachomoza na linazama, fuateni jua, msijitafutie taabu. Tukafuata jua.

Saa zao na zetu wakati wa baridi zinapishana saa moja tu. Basi nikishafuturu, nikaosha na vyombo, najua Wete Alasiri haijaadhiniwa bado, mama ndio kwanza anakuna nazi. Na mimi nimekaa mezani. Nje giza totoro. Hakuna adhana. Hakuna mtoto anayekimbizwa na sahani ya kaimati kupeleka kwa jirani. Hakuna harufu ya uji wa pilipili manga inayotoka nyumba ya tatu. Watu wako makazini, ni saa 8 na nusu mchana, siku ya kazi. Siku ya nne nikaweka kijiko chini nikamwambia mwenzangu: futari bila ya jirani ni chakula cha mchana.

Na baada ya hapo ni usiku. Usiku wa masaa 19. Wao wenyewe wana neno la msimu huo wa giza, kaamos, na wao wenyewe unawaelemea. Mimi nilianza kulala mchana, nikawa silali usiku, nalia kwa kitu kidogo. Chumvi imezidi, nalia. Nikadhani nimerogwa. Mkunga mmoja wa kule ndiye aliyenieleza kwamba mwili bila ya jua unapungukiwa na vitamini D, na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi kuitengeneza, akanipa vidonge. Na akanipa amri: saa 5 mpaka saa 7 mchana uwe nje, hata kama kuna mawingu, hata kama hutaki. Nuru ni dawa. Wanangu, hili msilionee haya. Kijana akianza kujifungia chumbani mwezi wa Novemba, asiseme mimi mwanamme. Atoke nje, ameze vidonge, azungumze na mtu.

Simu ilikuwa ghali wakati ule. Hakukuwa na hizi za kuonana sura. Tulipelekeana kanda. Mama alikuwa akikaa barazani na redio ya kaseti, anazungumza upande mzima, anapigiwa kelele na majogoo. Kanda moja ilikuja mvua ya vuli inanyesha. Maneno yake hayasikiki, bati tu. Hiyo ndiyo kanda niliyoisikiliza mara nyingi kuliko zote.

Nikamwalika jirani wa chini na mumewe waje kufuturu. Saa 8 na nusu mchana, siku ya Jumamosi. Muhogo sikuupata, nikapika mbatata kwa nazi ya kopo, uji nikautia pilipili manga niliyokwenda nayo, na chai nikaitia karafuu zetu. Yeye akaja na vimkate vya kwao, vidogo, mfano wa mtumbwi, ganda jembamba la unga mweusi wa rai, nafaka ya kwao, na ndani mna nini? Wali! Wali uliopikwa na maziwa ukalainika kama wa mgonjwa, na juu unapakwa yai lililopondwa na siagi. Mwenzangu alikula saba. Alisema ni mara ya kwanza tangu tufike kuona watu wanaojua thamani ya mchele.

Kisa kimoja kifupi, halafu twende ziwani. Mlango wa pili walikuwa na mtoto mchanga. Asubuhi moja nafungua pazia, naona kigari cha mtoto kiko nje kwenye theluji, na ndani yake sauti ya mtoto anakoroma. Kipimajoto kinasema 8 chini ya sifuri. Nilishuka ngazi bila ya buti. Nikaugonga ule mlango kwa ngumi mbili, nalia kwa Kiswahili, "Mtoto! Mtoto mmemsahau!" Mama akafungua, kikombe cha kahawa mkononi, akanitazama, akatazama miguu yangu, akaniingiza ndani. Mtoto hakusahauliwa. Ndivyo wanavyowalaza mchana, wamevishwa na kufunikwa vizuri, wanasema wanalala fofofo na wanakuwa na afya. Ikifika 10 chini ya sifuri ndipo wanapoanza kuwabakisha ndani. Mama mkwe wangu hakuniamini mpaka anafariki, Mungu amrehemu. Alikuwa akisema, "Haya, endelea."

Na baridi yenyewe? Baridi halisi ilikuja Idi imeshapita siku kumi. Tarehe 28 Januari 1999, katika kijiji kinachoitwa Pokka, huko Kittilä kaskazini ya mbali, walipima 51.5 chini ya sifuri. Finland haijawahi kupima kubwa kuliko hiyo, mpaka leo. Kwetu Joensuu haikufika huko, lakini ilipita 30. Mnaijua friza ya samaki? Hiyo ni 18 chini ya sifuri. Yaani siku ile, ningeingia ndani ya friza, ningeota moto.

Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinashikana. Kope zinaota ukungu mweupe, unazeeka mpaka dukani. Theluji chini ya buti inalia kama mlango usiotiwa mafuta. Magari yamechomekwa kwenye umeme, kila mahali pa kuegesha pana nguzo yake ya soketi, injini inapashwa moto kwanza kama maziwa ya mtoto. Lakini ndani ya nyumba, vioo vya dirisha vitatu vitatu, mabomba ya maji moto ukutani, mtu amekaa na fulana. Nilipata baridi zaidi mwaka niliokwenda Lushoto mwezi wa Julai.

Siku hizo nilifua kanga zangu nikazitundika roshani. Mazoea. Nilipokwenda kuzianua, zilikuwa mbao. Nikaitoa moja kwenye kamba, ikabaki vile vile na mkunjo wake, nikaiingiza ndani kwa ubavu kama mtu anayepitisha meza mlangoni, nikaisimamisha ukutani. Ikasimama! Kanga imesimama peke yake sebuleni, pindo nne, na jina lake linasomeka vizuri: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenzangu akarudi kutoka chuoni akaipa salamu. Baada ya robo saa ikaanza kulegea magoti, ikakaa chini taratibu kama bibi harusi.

Ziwani sasa. Hapa ndipo nilipotaka kufika, na bwana wa safu ya pili ameshaanza kujikuna.

Mume wangu ni mtoto wa mvuvi wa Tumbe. Kamba, nyavu, nyota, bamvua, maji mafu, vyote kazaliwa navyo. Baridi ya kwanza, ziwa lilipoganda, watu wote wa mji walikuwa juu yake. Wanatembea, wanateleza na vibao, wanaburuta watoto. Yeye alisimama ukingoni mwezi mzima. "Maji ni maji," akasema. "Siyakanyagi."

Akaja mzee mmoja jirani, mstaafu, si mtu wa maneno mengi. Kule hakuna watu wa maneno mengi. Akamshika mkono. Akatoboa barafu mbele yake kwa keekee kubwa ya mkono, ndefu inamfika kifuani, akatia mkono ndani ya tundu akampimia unene. Ilikuwa Machi, barafu inapita nusu mita. Akamwambia kwa vidole na kwa Kiingereza cha kuokoteza: sentimita 5 za barafu ngumu zinambeba mtu mmoja. Chini ya hapo, kaa nyumbani. Lakini usidanganyike na unene wa mahali pamoja. Penye mkondo, mdomoni mwa mto, barafu ni nyembamba. Chini ya daraja, nyembamba. Kwenye matete, usiiamini. Na shingoni uvae hivi: vishikio viwili vya mbao vyenye miba ya chuma, vimeunganishwa kwa kamba. Ukianguka majini, ndizo kucha zako za kujivutia juu, kwa sababu barafu iliyorowa haishikiki kwa mkono mtupu.

Wakakaa pale, Mfini na Mpemba, kila mmoja juu ya kigoda cha kukalia, tundu la upana wa sahani baina yao, na mshipi usiofika urefu wa mkono wangu. Masaa matatu hawakusema kitu. Wakarudi na samaki wadogo wenye mistari, kumi na moja, nikawakaanga kwa bizari. Mume wangu alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tutoke nyumbani. Aliniambia: "Yule mzee analisikiliza ziwa." Na kweli, barafu inasema. Usiku wa baridi kali inapasuka ndani kwa ndani, inatoa mlio kama mtu anapiga pipa tupu upande wa pili wa ghuba.

Hiyo ni baridi ya kwanza. Baridi ya wajinga. Tulikuwa waoga, na kwa sababu ya uoga tukaanza kuuliza kila kitu. Hakuna aliyeumia.

Ikaja baridi ya pili. Disemba 1999. Sisi sasa wenyeji. Tunavaa bila ya kufikiri, tunatembea kama bata bila ya kujijua, mimi nawacheka wanafunzi wapya waliofika na makoti ya mvua. Ramadhani imetangulia siku kumi na moja, kama desturi yake, lakini futari bado ni saa 8 na nusu. Siku moja mwenzangu kachelewa maktaba. Magharibi inakaribia. Njia ya kuzunguka ghuba ni nusu saa. Njia ya kukata juu ya barafu ni dakika kumi. Kaona nyayo za mtu. Miba ya chuma iko nyumbani, juu ya msumari. Tuliuliza? Hatukuuliza. Safari hii tulikuwa tunajua.

Barafu ile ilikuwa changa, haina hata wiki tatu. Na akapita wapi? Kwenye matete.

Mguu mmoja ulikwenda, halafu wa pili, mpaka kiunoni. Anasema kitu cha kwanza hakuwa na hofu, hakuwa na baridi. Alikosa pumzi, kifua kimefungwa kama kimekaliwa na mtu. Kitu cha pili alimkumbuka yule mzee: ukivunja, geuka, rudi ulikotoka, maana huko ndiko barafu iliyokubeba. Akageuka. Akalala kifudifudi, akapiga miguu kama anaogelea, akajiburuta, barafu ikavunjika tena, akajiburuta tena, mpaka ikashika. Hakusimama. Alibingirika kama gogo mpaka alipokaribia nchi kavu.

Nilifungua mlango nikaona suruali imesimama kama ile kanga. Haikunjiki. Inagongana, kang'ang'a kang'ang'a. Ndevu nyeupe. Na midomo inasema maneno ambayo si maneno. Nikapiga kelele, wa chini wakapanda mbio, na yule mzee nyuma yao. Mimi nilitaka kumpeleka kwenye sauna, kile chumba chao cha kuogea mvuke, moto moto. Mzee akanizuia kwa mkono. Kwanza nguo zivuliwe. Mablanketi, kifua na tumbo kwanza, mikono na miguu baadaye. Asisuguliwe. Apewe kinywaji cha moto na chenye sukari, kidogo kidogo. Jirani akaleta juisi ya beri nyeusi, imechemshwa. Mwenzangu akakishika kikombe, meno yanagonga kwenye ukingo wake, kisha akakisogeza mbali. Akaniuliza, "Saa ngapi?"

Saa 8 na dakika 40. Nikamwambia imeshapita. Akasema bismillahi, akafuturu.

Sauna aliingia siku ya pili yake, na yule mzee. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, kwa hiyo wazee wangu msikunje nyuso. Huko ndani, kwenye moto, ndipo mzee alipozungumza kwa mara ya kwanza. Alimuuliza: kwenu, mgeni akitaka kwenda fungu la mchanga maji yakiwa yametoka, unamwambia nini? Mwenzangu akamjibu: namwambia aniulize mimi maji yanarudi saa ngapi. Na akishakwenda mara moja akarudi salama? Mwenzangu anasema hapo alinyamaza. Maana anawajua wale. Kila mvuvi wa Tumbe anawajua. Anayezama si yule mgeni wa siku ya kwanza anayeogopa hata kurowesha kanzu.

Mtaniuliza kama tulibaguliwa. Ndiyo, siwafichi. Mji ule miaka ile ulikuwa na vijana vichwa upara waliokuwa hawataki kuwaona wageni, na usiku wa Ijumaa kulikuwa na njia hatupiti. Na mji ule ule ulikuwa na yule mzee. Vyote viwili ni kweli, na sitaki mmoja wenu aende na nusu moja tu ya habari hii.

Nimemaliza, wakati wa swala umekaribia. Nasikia wanne katika nyinyi mnaondoka mwezi ujao, na mmoja ni msichana, anakwenda huko huko kaskazini. Njoo mwanangu, usione haya, lijaribu hili koti. Mikono ikikufikia ni lako. Mfuko wa kulia mna kidude kinachong'aa kikipigwa na taa za gari. Kitundike pembeni, usikitoe, ili mtu wa miguu aonekane gizani. Mfuko wa kushoto mna ile miba ya chuma. Bwana alitaka kubaki nayo, anatobolea madafu.